Skafu ya Hermès ya sentimita 90: tazama pindo kabla ya mji

Anayejua kuchagua khanga hahitaji kufundishwa kuisoma carré, skafu ya hariri ya mraba ya Hermès, kampuni ya mitindo ya Ufaransa. Ina pindo, ina mji, na mara nyingi jina lake limechapwa humo humo kwenye mchoro. Ya kwanza, ya mwaka 1937, iliitwa Jeu des Omnibus et Dames Blanches. Ila khanga hujitandaza mwilini, jina likasomeka. Carré hufungwa, na ikishafungwa karibu mji wote humezwa. Kinachobaki shingoni ni ukanda mwembamba wa mji, na pindo kwenye ncha mbili. Wanaoijutia bei yake, zaidi ya dola 500 za Marekani, wengi walinunua mji.

Kwa hiyo muuzaji akiitandaza kaunta, mwombe aikunje. Uso uwe chini. Pembe mbili zinazotazamana ziletwe katikati, kisha kila upande ukunjwe tena kuelekea katikati mpaka ubaki utepe wa sentimita 5 au 6. Utepe huo una urefu wa kama sentimita 127, wa kutosha kuzunguka shingo mara mbili na fundo dogo. Uweke shingoni mbele ya kioo. Chukua Brides de Gala, mchoro wa 1957 wa mchoraji Hugo Grygkar: ikiwa wazi ni hatamu za farasi, ikikunjwa ni rangi ya pindo na vipande vya ngozi vilivyokatikakatika. Mchoro huohuo hutolewa kwa rangi nyingi, na hapo ndipo mvaaji anapojieleza. Wawili wenye jina moja, mmoja pindo jekundu na mwingine kijivu, hawajavaa kitu kimoja.

Kazi yenyewe haina ubishi. Kila rangi huchapwa kwa fremu yake, kiunzi cha kuchapia rangi hiyo peke yake, na michoro mingine hupita fremu 30. Fremu ikikosea hata kidogo, mstari mweupe hujitokeza kati ya rangi mbili. Hariri ni ya twili, ufumaji wa mistari ya mshazari, nzito kiasi kwamba fundo moja la kawaida linakaa. Lakini sifa kubwa iko kwenye upindo, yaani ukingo uliokunjwa na kushonwa. Umeviringishwa kuelekea upande wa uso na kushonwa kwa mkono, umejaa kama uzi wa sufu, na mishono haiko sawasawa kabisa. Ukiona upindo bapa wa cherehani, iwe mtandaoni au kwenye mtumba, ni feki, hata sanduku liwe la rangi ya chungwa ya Hermès.

Kwa hijabu, sentimita 90 hazitoshi. Hufunika kichwa na shingo, kifua kinabaki. Hapo tafuta ya 140. Ivalie kofia ya ndani ya pamba, maana juu ya nailoni hariri huteleza. Pini iache: tundu lake kwenye twili halifungi. Vibanio vya sumaku vinafanya kazi ileile.

Twilly, ule utepe wa sentimita 86 kwa 5 unaozungushwa kwenye mpini wa mkoba, hatuusifu sana. Mkoba wenye mipini miwili unataka twilly mbili, na mafuta ya kiganja huanza kuzichafua mapema, hasa zenye rangi nyepesi. Ukiamua kuufunga, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia, na ufungue usafishe kabla uchafu haujawa mweusi.

Kwa joto la pwani adui wa kwanza ni jasho lililochanganyika na manukato. Jipulizie, subiri ngozi ikauke, ndipo uvae. Tone la maji huacha duara, kwa hiyo usinyunyizie maji wakati wa kupiga pasi. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma, juu yake kitambaa cha pamba, na ikome sentimita moja kabla ya ukingo. Upindo uliolazwa na pasi haurudi vizuri, na dobi asiyejua ndiye huuharibu zaidi. Ukipeleka draiklini, mwambie kabisa asiuguse. Hereni zenye ndoano zivuliwe kabla ya kuifungua, kwa sababu uzi mmoja ukivutwa huacha mstari unaoonekana hadi upande wa pili.