Nilifuata sida, nikaishia kwenye wanzuki: siku yangu ya kuonja pombe Tabora

Kiingilio 15,000. Mlangoni unapewa glasi ndogo na kuponi sita za kuonjea. Nilikwenda Jumamosi na binamu yangu, tukachukua bajaji ili asiwepo wa kuendesha wakati wa kurudi. Eneo lenyewe liko nje kidogo ya mji, njia ya Urambo, chini ya miembe mikubwa. Kwa kivuli nawapa maksi zote.

Mimi nilifuata sida, ile pombe ya juisi ya tofaa iliyochachushwa. Tumefika saa sita, barafu imeshakuwa maji. Bia ya moto kila mtu anaijua. Sida ya moto ni mbaya zaidi: povu limekufa, utamu umekaa ulimini kama juisi iliyolala. Nilitoa kuponi mbili, nikazijutia zote mbili. Mhudumu akasema barafu iko njiani. Tunaondoka saa kumi na moja, bado iko njiani.

Binamu ndiye aliyeona wazee wamejipanga nyuma ya jenereta. Kumbe huko ndiko walikowekwa akina mama wa wanzuki, pombe ya asali, na ndoo zao na kata ya kibuyu. Tabora hii, mji wa asali, mwenye asali unamficha kwenye moshi wa dizeli?

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Nikupe ya jana au ya siku tatu?"

Baa sijawahi kuulizwa hivyo. Nikaomba zote. Ya jana ilikuwa tamu, rangi kama chai ya rangi, vipovu vinapanda ukingoni mwa glasi na kipande cha nta kinaelea juu. Ya siku tatu utamu umekwisha, umebaki ukali, na asali unaipata puani tu. Mama akanieleza kwamba asali peke yake haichachi, ni nzito mno. Ukiizimua kwa maji ndipo hamira inapata kazi. Inakula sukari, inaacha kilevi na gesi, ndiyo maana mfuniko wa ndoo haukazwi. Kila siku utamu unashuka na kilevi kinapanda. Hapo kwenye kupanda sikumsikiliza vizuri, nikaongeza ya siku tatu, na miembe ikaanza kusogea kidogo.

Meza ya jirani kulikuwa na mvinyo wa matunda ya porini, mbula na ntalali. Ule wa ntalali ndio uliokuwa sida niliyokuja kuitafuta: uchachu wa kiasi, harufu ya tunda, haukwami kooni. Na ulikuwa wa baridi, maana mwenye meza alikuja na dumu lake la barafu kutoka nyumbani. Chupa 8,000, nikabeba moja.

Nyama choma ilikuwa ngumu, tukaiacha. Tulishiba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Vyoo viwili kwa umati ule, na maji yakakatika saa tisa. Muziki sitausemea, masikio yangu bado hayajapona.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za wale mama. Ukienda, fika mapema, pita hadi nyuma ya jenereta, anza na ya jana.

Chupa ya ntalali iko kwenye friji. Binamu ameshapiga simu mara mbili kuulizia afya yangu.