Kumbana waziri wa Wales: swali la Senedd au ombi la taarifa?

Waziri akidai foleni za hospitali zinapungua, mkazi wa Wales ana njia mbili kuu za kumdai ushahidi, na zote kwa kawaida hazimgharimu chochote.

Kwa haraka, swali la maandishi kupitia mbunge wake wa Senedd, yaani bunge la Wales, hushinda. Jibu huchapishwa kwa jina la waziri mwenyewe, na akikwepa, mbunge anaweza kumrudia bungeni mbele ya kamera. Tatizo ni kwamba lazima mbunge akubali kuuliza, na majibu mengi huzunguka hoja.

Ombi la taarifa chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000 halihitaji mbunge. Serikali ina siku 20 za kazi kujibu, nawe unapata nyaraka zenyewe: barua pepe, takwimu, ushauri aliopewa waziri. Hapo ndipo ukweli hukaa, kwa maoni yangu. Lakini wanaweza kukataa, na rufaa kwa Kamishna wa Habari, msimamizi huru wa sheria hiyo, yaweza kuchukua miezi.

Ukitaka kauli itakayomfunga waziri, mwone mbunge. Ukishuku kauli iliyokwisha kutolewa, omba nyaraka.