Ramani ya ukutani ya mpaka wa Mexico na Marekani: ni nzuri, lakini kusini isahihisheni

Ramani hii ya shule inayouzwa Bukavu ina maandishi ya Kiswahili na Kifaransa, tena yanasomeka hata kutoka dawati la mwisho. Kaskazini imechorwa kwa uangalifu. Mpaka wa mkataba wa 1819, Hispania ilipoiachia Marekani Florida, unafuata mito Sabine, Red na Arkansas, halafu unashika latitudo ya 42 hadi Pasifiki. Mexico huru ilirithi mpaka huohuo mwaka 1821.

Texas ina kasoro. Ardhi yote kati ya mto Nueces na Rio Grande imepakwa rangi ya Texas tangu 1836, ilipojitenga na Mexico, wakati kwa Mexico Texas iliishia Nueces, na vita vya 1846 kati ya Mexico na Marekani vilianzia palepale. Pachoreni mistari ya mshazari kwa wino usiofutika. Comanche na Apache, mataifa ya wenyeji, hawamo kabisa, na hilo ni pengo baya: sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa mikononi mwao.

Kosa kubwa liko kusini. Mpaka wa leo umeandikwa kuwa wa mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliomaliza vita hivyo, 2 Februari 1848. Sivyo. Ule wa 1848 uliacha Rio Grande ukaelekea magharibi, ukapanda hadi mto Gila, ukateremka nao hadi mto Colorado, ndipo ukanyooka kwenda Pasifiki kusini ya San Diego. Mji wa Tucson, kusini ya Gila, ulibaki Mexico. Marekani iliununua pamoja na eneo lake kwa mkataba wa 30 Desemba 1853, dola milioni 10, ikitafuta njia ya reli. Kabla ya hapo wapimaji walikuwa wamegombana, kwa sababu ramani ya mchapishaji Disturnell ya 1847, iliyoambatanishwa na mkataba, iliuweka mji wa El Paso karibu nusu digrii kaskazini mno, na Rio Grande kama digrii 2 mashariki mno. Ramani ya mipaka haifai kuliruka jambo hili.

Kisanduku cha Chamizal, eneo la El Paso, ndicho bora kuliko vyote: Rio Grande ulihamia kusini miaka ya 1860, ukaacha kipande cha Mexico ng'ambo, kesi iliyomalizwa na makubaliano ya 1963. Mwanafunzi anayeujua Ruzizi, mto wetu wa mpakani, ataelewa mara moja.

Itundikeni kwa fimbo mbili, juu na chini. Misumari inapasua pembe, unyevu unaingia chini ya plastiki, na wino unatawanyika.