Ironsworn, kwa anayecheza peke yake Lamu

Ironsworn ni mchezo wa bure, lakini hiyo si sababu ya kwanza ya mimi kuusifu. Nausifu kwa kuwa katika michezo yote ya kuigiza ya mezani niliyojaribu kuicheza peke yangu, huu ndio unaonifanya nishangazwe na hadithi ninayoitunga mwenyewe.

Michezo hii ilianza kujulikana na Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, na tangu hapo imezoeleka kuwa shughuli ya kundi. Mmoja anasimulia dunia, wengine kila mtu na mhusika wake, dadu zinaamua nani afaulu. Hapa Lamu kundi ndilo lisilopatikana. Wenzangu wawili waliouelewa mchezo, mmoja yuko zamu bandarini Kililana, mwingine akirudi baharini anataka usingizi tu. Mimi nakaa mapokezi ya usiku kwenye nyumba ya wageni Langoni. Ikiingia masika wageni wanakatika, na usiku huwa mrefu kwelikweli.

Mtunzi wa Ironsworn ni Shawn Tomkin, na ulitoka mwaka 2018. Mwaka uliofuata ulipata dhahabu ya ENNIE, tuzo za michezo ya kuigiza ya mezani, upande wa michezo ya bure. Kitabu kizima unakipakua kwenye simu bila kulipa chochote, pamoja na karatasi ya mhusika na kadi za vipaji. Mimi nilichapisha karatasi ya mhusika na kurasa za hatua tu, yaani sheria za kila jambo mhusika analoweza kujaribu, shilingi 10 kwa ukurasa, kitabu chenyewe nakisoma kwenye simu. Umeme ukikatika, daftari na taa vinatosha kuendelea.

Unavyochezwa ni hivi. Mhusika wako akijaribu jambo lenye hatari, unarusha dadu tatu kwa pamoja. Moja ni ya pande 6, na unaijumlisha na uwezo wake katika jambo lile: wepesi, moyo, chuma (nguvu), kivuli (hila) au akili, ambazo mwanzoni unazigawia 3, 2, 2, 1 na 1. Mbili ni za pande 10, nazo ndizo mpinzani wako. Jumla yako ikizipita zote mbili, umefaulu. Ikipita moja tu, umefaulu lakini kuna cha kulipa. Isipopita hata moja, mambo yameharibika. Mkilingana, mpinzani ndiye mshindi. Na zile mbili za 10 zikitoa namba ileile, jambo ambalo hukulitazamia linaingia katikati ya hadithi.

Hiyo "umefaulu lakini" ndiyo roho ya mchezo wa mtu mmoja. Ukicheza peke yako, hatari kubwa ni kujipendelea. Unamtaka mhusika wako ashinde, na hakuna mtu mbele yako wa kukuzuia. Hapa karibu kila ushindi unakuja na bei yake, na bei hiyo ndiyo inayoizaa sura inayofuata. Hukai ukijiuliza, sasa niandike nini.

Kitabu kinakupa nchi ya baridi, yenye misitu na milima, ambako watu walihamia kutoka ng'ambo ya bahari vizazi viwili nyuma. Lakini kabla ya kuanza kinakuuliza wewe mwenyewe ukweli wa dunia yako: watu walikimbia nini, wanaishije, wanaogopa nini. Nilichukua ruhusa hiyo nikaileta nchi yote huku kwetu, visiwa vya Pate, Manda na Kiwayu, zama za mitepe na majahazi. Mhusika wangu anaitwa Mwanashee, rubani, binti wa nahodha. Kila mhusika wa Ironsworn hula kiapo akiwa ameshika chuma, na kiapo ndicho kinachoisukuma hadithi. Mwanashee aliapa kumrudisha nduguye aliyeondoka na mashua kwenda kaskazini asionekane tena.

Nieleze usiku mmoja kwa ukaribu, maana ndipo mchezo unapoonekana. Mwanashee anatoka Lamu kuelekea Pate, na njia ya mkato ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Nilikuwa nikiandika kwamba amepita tu, ami yangu akaingia kuomba maji ya kunywa.

"Wacheza na nani?"

"Peke yangu, ami."

Akaniomba nimsomee. Nilipofika Mkanda akanisimamisha: "Maji yako wapi? Yakipwa, jahazi lenye mzigo halipiti hapo. Lakaa mchangani mpaka yajae."

Basi nikaandika kwamba maji yanakupwa. Kwa hiyo Mwanashee hakupita bure tena, ikabidi nirushe dadu. Akili yake ni 2, dadu ya 6 ikatoa 4, jumla 6. Mpinzani akatoa 5 na 8. Nimepita moja, nyingine imenishinda. Kitabu kinakupa uchague la kulipa: kuchelewa, kuumia, kuvunjika moyo, au kupoteza masurufu. Nikachagua masurufu. Chombo kilikwama, wakatupa mzigo kukipunguza uzito, na pipa la maji likaenda nao. Sasa wana kiu, na wanalazimika kutia nanga mahali ambapo sikuwahi kupapanga.

Hapo nikauliza jedwali la majibu, linalokujibu ndiyo au hapana kwa dadu: je, pwani hii kuna mtu? Niliona haielekei, na kwa jambo lisiloelekea jibu ni ndiyo zile dadu mbili za 10, moja makumi na moja mamoja, zikitoa 76 au zaidi kati ya 100. Zikatoa 83. Ni mtu gani? Kuna majedwali mawili, moja la vitendo na moja la mambo, ukirusha unapata maneno mawili ya kuunganisha. Nikapata kulinda na deni. Ami akacheka, akasema: "Huyo ni mzee, alinda mashua ya nduguye Mwanashee. Ameiweka rehani." Nikaandika hivyohivyo. Kiapo changu chote kikageuka pale. Nduguye hakupotea baharini, alikimbia wadai.

Hakuna mtu aliyeitunga habari hiyo kabla. Imetoka kwenye maji kupwa, dadu na maneno mawili, na ndiyo furaha ninayoitafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza: jedwali usiliulize jambo ambalo unalijua tayari. Kama mji una msikiti, una msikiti, andika uendelee. Uliza pale tu ambapo ndiyo itakufurahisha na hapana itakufurahisha vilevile. Nimeona watu wakiuliza kila kitu, mlango una rangi gani, mtu amevaa nini, wanachoka kabla safari haijaanza. Na jibu likija, usirushe tena kwa kuwa hulipendi. Jibu usilolipenda ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

La pili ni daftari. Usiandike riwaya. Mstari mmoja kwa tukio, dadu zilivyotoka pembeni, na pale tu moyo unapokudunda ndipo uandike maneno ambayo mhusika ameyasema. Mimi naacha kucheza katikati ya matata, mgeni akigonga mlango au adhana ya alfajiri ikilia, na mstari wa mwisho huwa swali. Kesho yake najua pa kuanzia.

Kiapo cha kwanza kiwe kidogo. Viapo vina ngazi tano, na ngazi ndiyo inayoamua kila tukio kubwa linakujazia visanduku vingapi kati ya 10. Kiapo chepesi hujaza vitatu kwa mkupuo, cha ngazi ya katikati kimoja, na cha juu kabisa robo tu ya kisanduku. Ukianza na cha juu utachoka. Ukiona umefika mwisho, unarusha zile dadu mbili za 10 dhidi ya visanduku ulivyojaza, na hapo mchezo huuma. Ukikosa, unagundua kwamba jambo halikuwa limekwisha. Ama unakivunja kiapo na kubeba aibu yake, ama unajifunga upya, visanduku karibu vyote vinafutwa na ngazi inapanda. Mwanashee yamemkuta hayo. Nilikaa nikitazama karatasi kitambo kabla ya kuchagua, nikajifunga upya.

Sasa dadu zenyewe. Ya pande 6 utaipata kwenye ludo yoyote. Za pande 10 madukani kwetu sijaziona. Tumia karata: toa picha zote, chukua ree mpaka 10 za rangi nyekundu za aina moja, na ree mpaka 10 za rangi nyeusi za aina moja. Mafungu mawili hayo ndiyo dadu zako mbili. Chota moja kila fungu, kisha uzirudishe na uchanganye upya kila mara, la sivyo hesabu itaharibika. Ukitaka namba ya 1 mpaka 100, nyekundu ni makumi na nyeusi ni mamoja, 10 inahesabiwa sufuri, na zikitoka 10 zote mbili ni 100. Programu za kurusha dadu kwenye simu zipo pia, za bure, lakini mimi napenda kushika kitu mkononi.

Mama hakupenda kuona karata na dadu nyumbani, na namwelewa. Kwetu vitu hivyo vinaandamana na kamari. Nikamwonyesha daftari, nikamweleza kwamba hapana pesa, hapana dau, hapana wa kumla mwenzake. Akasoma kurasa mbili, akaniuliza kama yule nduguye alipatikana. Hata hivyo nyumbani natumia simu, kwa heshima yake, na karata zinabaki kazini.

Kasoro zipo. Kubwa ni hatua zenyewe: ziko zaidi ya 30, kila moja na maelezo yake, zote kwa Kiingereza kizito kidogo. Mwanzoni utakuwa unapekua kurasa kuliko kucheza. Dawa yake ni kuzijua nne kwanza: kukabili hatari, kukusanya habari, kusafiri na kulipa gharama. Nyingine zitakuja zenyewe. Mapigano nayo yanachosha kama hujisimulii. Ukirusha dadu mfululizo bila kusema panga limepita wapi, yanakuwa hesabu tupu. Masurufu ni namba moja tu, kutoka 0 mpaka 5, chakula, maji na mishale vyote humo. Kwa safari ya nchi kavu sawa, kwa baharini naona haitoshi, kwa hiyo maji ya kunywa nayahesabu kando. Mchezo hauvunjiki.

Wapo watakaoniambia mtunzi huyohuyo ana Starforged ya mwaka 2022, ya safari za nyota, na nyongeza yake ya vyombo na visiwa, Sundered Isles. Kweli, na kwa mtu wa pwani jina hilo la pili linavuta. Lakini hizo ni za kulipia, na sheria zake zimejengwa juu ya msingi huuhuu. Jifunze kwenye huu wa bure, uone kama unaupenda.

Naupendekeza kwa nani? Kwa mlinzi wa usiku, kwa mwalimu aliyepelekwa Faza au Kizingitini asikojua mtu, kwa anayepita Malindi kikazi na jioni hana pa kwenda. Kwa anayependa kusikiliza hadithi za wazee barazani na huwa anajiuliza, mimi ningefanyaje pale. Kwa mtu anayetaka kushinda haraka, hapana.

Ukitaka kuanza, pakua kitabu, ruka habari za nchi ya baridi, jibu maswali ya dunia yako kwa kisiwa au mji unaoujua wewe, na umpe mhusika kiapo chepesi kimoja. Kama unakaa karibu na mtu aliyewahi kuwa nahodha, mkaribishe kiti.