The Late Late Show mikononi mwa Patrick Kielty: uzoefu wangu wa Ijumaa usiku

Najua wengi mtakaosoma hapa mko Ireland tayari, au makaratasi yenu ya kuja kazi yanashughulikiwa, na swali lenu ni moja: leseni ya TV ya euro 160 kwa mwaka, mtu aliyekulia kwenye Citizen na KTN za Kenya ataipatia faida gani? Mimi jibu langu ni kipindi kimoja, The Late Late Show cha RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ireland linalopata pesa za leseni hiyo, na zaidi ya kipindi chenyewe, ni mwendeshaji wake, Patrick Kielty. Nampenda. Kuna mambo ya kipindi yananikera na nitayasema, lakini huyo mtu nampenda.

Kwa asiyekijua, hiki ni kipindi cha mahojiano na muziki kinachorushwa moja kwa moja kila Ijumaa kuanzia saa tatu unusu hivi usiku, kutoka Septemba hadi Mei. Kilianza Julai 1962 kama kipindi cha kujazia nafasi msimu wa kiangazi, kisha kikakataa kuondoka. Waliokishika kama waendeshaji wa kudumu ni wanne tu: Gay Byrne hadi 1999, Pat Kenny hadi 2009, Ryan Tubridy hadi Mei 2023, halafu Kielty kuanzia tarehe 15 Septemba 2023. Miaka zaidi ya sitini, watu wanne. Ndiyo maana hapa mwendeshaji akibadilika watu huongea kama wamebadilishiwa paroko.

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na huko ndiko nilikokizoea kipindi hiki. Ijumaa nikiwa na zamu ya usiku, wazee wasiotaka kulala mapema wanakaa sebuleni, blanketi magotini, chai pembeni, rimoti mikononi mwa bibi mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumnyang'anya. Dawa za usiku nazigawa wakati wa matangazo ya biashara. Ukimsogelea mtu na kikombe cha vidonge katikati ya mahojiano utaambiwa upishe, unaziba TV. Kwa hiyo maoni ya watazamaji nayapata moto moto, kutoka kwa watu walioangalia kipindi hiki tangu TV zikiwa nyeusi na nyeupe.

Na hao wazee hawana huruma. Kwao kuna Gay Byrne, ambaye bado wanamwita Gaybo ingawa alifariki mwaka 2019, halafu kuna wengine. Bibi wa rimoti ametoka Galway. Alinisimulia kisa cha 1966: katika mchezo wa maswali studioni, mwanamke mmoja aliulizwa gauni lake la kulalia usiku wa harusi lilikuwa rangi gani. Akajibu kwamba pengine hakuvaa chochote. Watu wakacheka. Askofu wa Clonfert akakasirika, akakikemea kipindi kanisani, na nchi nzima ikawa na mjadala. Bibi ananieleza haya kwa furaha ya msichana. Anasema kabla ya Gaybo kulikuwa na mambo ambayo hayakutajwa nyumbani, wala kanisani, wala sokoni, na ghafla yakawa yanatajwa sebuleni baba na mama wakiwa wamekaa. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoelewa kwa nini wanamhukumu kila anayekalia kiti kile kwa ukali hivyo.

Kielty alikikalia wakati mbaya. Mwezi mmoja tu baada ya Tubridy kuaga, Juni 2023, RTÉ ilikiri kwamba malipo ya Tubridy ya kati ya 2017 na 2022 yalitangazwa kwa umma yakiwa pungufu kwa euro 345,000. Mkurugenzi mkuu akajiuzulu, wakubwa wakaitwa mbele ya kamati za bunge, na watu wengi wakaacha kulipa leseni kwa hasira. Pale sebuleni hakuna aliyetaka kusikia habari ya mtangazaji mwingine wa pesa nyingi. Kwa hiyo mkataba wa Kielty ukawekwa wazi: euro 250,000 kwa msimu wa vipindi 30. Alikuwa akiishi London, na gharama za ndege na malazi alizopewa akazikataa. Kuna mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, ambaye mpaka leo anasema pesa hizo bado ni nyingi kwa kazi ya Ijumaa moja moja. Simpingi. Lakini yeye mwenyewe ndiye hujikohoza kwanza sebule inyamaze Kielty akianza kuuliza.

Jamaa ana kitu ambacho waendeshaji wengi wa vipindi hawana: akishauliza, ananyamaza. Mwenzangu wa zamu, dada wa Moshi, aliliona kabla yangu. Aliniambia, "Dada, umemwona huyu? Anauliza, halafu anaacha mtu ajibu. Wengine wakiuliza wanajijibu wenyewe." Ni kweli kabisa. Sisi Wakenya tumezoea mwendeshaji ambaye ni tukio peke yake. Mtazame Jeff Koinange na "Oh my!" yake, mgeni anakuja kuwa sehemu ya onyesho la Jeff, na tunalipenda hivyo. Kielty ni mchekeshaji wa jukwaani kwa kazi yake ya asili, anaweza kuichekesha studio nzima kwa sentensi mbili, na dakika zake za kufungulia kipindi ni za utani mtupu. Ila mgeni akianza kusema jambo zito, ule uchekeshaji anaukunja anauweka kando. Anainama kidogo mbele, mikono imetulia, na hata kama mgeni amekwama hamwokoi haraka. Anamsubiri.

Nililiona hilo zaidi Aprili 2024, familia za waliofia Stardust zilipokuja studioni. Stardust ilikuwa klabu ya usiku mtaa wa Artane, Dublin. Iliungua usiku wa kuamkia Valentine mwaka 1981, vijana 48 wakafa. Uchunguzi wa mwanzo ulisema pengine moto ulichomwa makusudi, kauli iliyowaacha waliokufa na walionusurika wakiwa kama watuhumiwa, na familia zikapigana zaidi ya miaka arobaini kuifuta. Uamuzi mpya ulipotoka mwezi huo ukasema vijana wale waliuawa kinyume cha sheria. Sasa fikiria wewe ndiye mwendeshaji, mbele yako wamekaa watu waliozeeka wakidai haki ya ndugu zao waliokuwa na miaka kumi na tisa, ishirini. Utauliza nini? Kielty aliuliza kidogo sana. Aliwaachia nafasi wawataje watu wao. Sebuleni kwetu hakuna aliyeomba chai. Dereva wa basi alikuwa akilia waziwazi, akaniambia yeye alikuwa akipita Artane kila siku na njia yake ya basi.

Na nadhani najua Kielty amejifunzia wapi kunyamaza kule. Ametoka kijiji cha Dundrum, County Down, Ireland ya Kaskazini, na ndiye mwendeshaji wa kwanza wa kipindi hiki kutoka upande huo wa mpaka. Januari 1988, akiwa na miaka 16, baba yake alipigwa risasi na kuuawa na wanamgambo watiifu kwa Uingereza. Mwaka 2018 alitengeneza makala ya BBC kuhusu baba yake na mkataba wa amani wa 1998, na humo anazungumza bila kutafuta huruma ya mtu. Mimi ni wa Nakuru. Januari 2008 nilikuwepo, nikaona majirani wakihamishana. Tangu hapo namtambua haraka mtu anayeuliza habari za msiba kwa sababu amepangiwa kuuliza, na yule anayeuliza kwa sababu anajua jibu linavyouma kutoka. Kielty ni huyo wa pili. Hilo halifundishwi kwenye chuo cha utangazaji.

Sasa Toy Show. Hii inataka aya zake. Kila mwaka kuelekea Krismasi kipindi hugeuka kuwa cha watoto usiku mzima: wanajaribu vitu vya kuchezea vya Krismasi, wanaimba, wanadansi, wanamfokea mwendeshaji aliyevaa sweta la rangi za kupiga kelele. Nchi hii ina watu milioni tano na kitu, na usiku huo zaidi ya milioni moja huwa mbele ya TV, familia nzima na pajama zao mpya. Tangu 2020 kuna pia harambee ya hisani inayofanyika hewani; mwaka huo wa kwanza zilichangwa zaidi ya euro milioni 6.

Ya kwanza ya Kielty ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Novemba 2023. Waliokuwa hapa wanajua Alhamisi yake ilikuwaje. Mchana watoto watatu na mlezi wao walishambuliwa kwa kisu nje ya shule karibu na Parnell Square. Jioni makundi yakaingia katikati ya Dublin, yakachoma mabasi na tramu, yakapora maduka, yakipiga kelele dhidi ya wageni. Simu yangu haikutulia usiku ule. Kila kundi la WhatsApp la Wakenya lilikuwa na onyo lile lile: usishuke mjini, kama uko kazini lala huko huko. Ijumaa nilikwenda zamu nikiwa nimejifunga kitambaa hadi puani kama mtu anayeficha kitu, na mwilini nilikuwa na woga ambao sikuwahi kuuhisi katika nchi hii.

Halafu wakati wa kipindi ukafika, wazee wakataka Toy Show yao. Kwenye skrini wakaja watoto wa kila rangi, wengine wazazi wao wametoka mbali kama mimi, wote wakiongea kwa lafudhi za kwao, yaani za hapa hapa, na Kielty akipiga magoti sakafuni kucheza nao. Bibi wa rimoti alinishika mkono, akaniambia hao waliochoma mabasi jana hawajui hata majina ya majirani zao. Sijui kama kipindi cha TV kinaweza kutuliza mji. Usiku ule kilinituliza mimi, na Jumamosi asubuhi nilipanda basi kurudi nyumbani bila kitambaa usoni.

Sasa yanayonikera. Kochi linajazwa mno. Kuna Ijumaa wanapita wageni watano, na watatu kati yao wamekuja kuuza: mmoja kitabu, mmoja tamthilia, mmoja ziara ya muziki. Mahojiano ya aina hiyo hata Kielty hayawezi. Unaona anakimbizana na saa, anauliza maswali ambayo jibu lake liko kwenye jalada la kitabu. Ukiwa na kazi za kufanya nyumbani, zifanye hapo. Utani wake wa ufunguzi nao umejaa kaunti: timu gani ya mpira wa Kiairishi imefungwa na nani, nani wa Kerry amesema nini kuhusu Dublin. Miezi yako ya kwanza hapa utakaa kimya wengine wakicheka. Na lafudhi yake ya kaskazini inakwenda mbio. Washa maandishi ya chini ya skrini, hata wazee wetu wasiosikia vizuri wanafanya hivyo na hawakosi kitu.

Wazee wao wana malalamiko yao mengine. Wanasema Tubridy alikuwa na subira zaidi na waandishi wa vitabu, na hilo naliamini. Wengine wanaona Kielty ana haraka ya kufunga usiku, kwamba zamani kipindi kilikuwa kinajiendea tu mpaka mtu asinzie kitini. Mimi mwenye zamu nashukuru kikiisha mapema.

Kama wewe ni Mkenya, usikose usiku wa muziki wa country. Misimu mingi huwa na Ijumaa moja ya namna hiyo, na sisi tuliolelewa na Jim Reeves na Kenny Rogers kwenye redio ya Jumapili, nchi yenye Sir Elvis wake, mwimbaji wetu wa country, tunajikuta nyumbani bila kuelezwa chochote. Nikiimba na wazee wanashangaa maneno nimeyajulia wapi. Nawaambia Nakuru.

Mengine ya kujua: kipindi kipo pia RTÉ Player, na Toy Show huweza kuangaliwa moja kwa moja popote duniani, kwa hiyo mama yangu Nakuru huiangalia akiwa na wajukuu. Tiketi za kukaa studioni, pale Donnybrook, Dublin, ni bure; unaomba kwenye tovuti yao na kusubiri. Za Toy Show ni za bahati nasibu, usijipe presha.

Na kwa Kielty na timu yake nina ombi. Mtu wa kwetu akiitwa kwenye kochi lile, mara nyingi ni kwa sababu ametendewa ubaya, au ni mkimbizi, au ameokoa mtu. Mleteni pia aliyekuja kwa sababu anaimba, anafuga ng'ombe Tipperary, ana duka la maua Limerick, au ni muuguzi anayejua Ireland hii kupitia magoti ya wazee wake. Muulizeni swali moja, kisha mumwachie Kielty anyamaze.