Matembezi ya siku nzima na kampuni ya utalii Kigoma, Kibirizi hadi Ujiji: nenda, ila angalia mwezi kwanza

Kabla hujalipia, angalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi tena, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Ukienda siku hizo utalipa kutazama mchanga mtupu. Ulizia pia kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 lilifungwa kwa uvuvi miezi 3 kuanzia katikati ya Mei.

Sisi tuliwahi siku za giza, mwezi haupo. Alfajiri pale Kibirizi mitumbwi ilikuwa inaingia, na akina mama na ndoo zao wameshaanza kubishania bei kabla mzigo haujashuka. Kiongozi wetu, kijana wa hapohapo, hakutuharakisha hata kidogo, na kwa hilo peke yake namsifu. Mama mmoja alimwita mke wangu amsaidie kuanika: "Watawanye mwanangu, ukiwarundika wanaoza katikati." Dagaa wa kwenye chanja, yaani kichaga cha kuanikia, ni bei juu kuliko wa chini, maana ukitafuna hukutani na mchanga. Tulinunua wa chanja.

Mjini kuna stesheni ya Mjerumani, reli ilifika hapo 1914. Piga picha, endelea. Stori ya meli ya Liemba ndiyo tamu: ililetwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe adui zao vitani wasiipate. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927.

Sasa lawama. Jua la saa sita lilitukuta barabarani na kampuni haikubeba hata chupa moja ya maji. Halafu bei tuliyoambiwa "ina kila kitu", kumbe kiingilio cha makumbusho ya Livingstone hakimo. Tukatoa tena mlangoni. Ndani kuna mnara, miembe na habari za Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871. Ukikosa, hujakosa sana.

Usikose ufukwe wa Ujiji. Mafundi wanaunda maboti ya mbao palepale mchangani, na mmoja alikuwa anakalafati. Anasokota pamba, anaiingiza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anaigongea kwa patasi butu. Nikamuuliza, "Fundi, unajuaje imetosha?" Akasema nisikilize nyundo. Kweli, mlio ulianza mzito, kisha ukawa mkavu, naye akasogea mbele kidogo. Tulikaa hapo mpaka samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo tulioagiza ukapoa.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, na zote ni za kijana yule. Ukiwapigia, wakutajie kiingilio kabisa kwenye bei. Gari lao la kurudi achana nalo, daladala za Ujiji kwenda mjini ni nyingi na nauli yake haifanani kabisa na waliyotutajia.