Marciano au Louis: nani akae juu?

Kwenye vijiwe vya kahawa Ngamiani, Tanga, ubishi wa ndondi za uzito wa juu huanzia kwenye 49-0, yaani mapambano 49 ya ushindi bila kushindwa hata moja. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 na rekodi hiyo, 43 kati ya mapambano hayo akishinda kwa nokauti. Joe Louis alipoteza mara 3. Kwa hesabu hiyo tu, kesi imekwisha.

Lakini tazama walioanguka. Louis mwenyewe alikuwa na miaka 37 Marciano alipomwangusha raundi ya 8, mwaka 1951. Jersey Joe Walcott, bingwa aliyepokwa mkanda na Marciano 1952, alikuwa na miaka 38, na alikuwa akiongoza kwa pointi hadi ngumi ya kulia ya raundi ya 13. (Ngumi gani ile!) Marciano alitetea mkanda mara 6, Louis mara 25, akiwa bingwa kuanzia 1937 hadi 1949.

Kimo nacho: Marciano sentimita 179 hivi, mikono mifupi, hivyo alilazimika kuinama na kuingia ndani, akila ngumi njiani. Louis, 188, alipiga jabu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) kwa mbali, ingawa alishusha mkono wa kushoto, na bondia Mjerumani Max Schmeling akamwadhibu 1936.

Louis juu, Marciano kwenye kumi bora.